Joseph Thomson: Mskoti aliyechora ramani ya Umaasaini

KATIKA ramani zilizochapishwa Ulaya miaka ya 1870, eneo lililo kati ya Mlima Kilimanjaro na Ziwa Victoria lilikuwa karibu tupu. Halikuwa tupu kwa wafanyabiashara Waswahili wa Pangani na Mombasa, waliokuwa wakilipita kutafuta pembe za ndovu. Mmoja wao, Sadi bin Ahedi, alimsimulia mmishenari Thomas Wakefield njia hizo, na maelezo yake yakachapishwa London mwaka wa 1870.

Joseph Thomson, aliyezaliwa Penpont, Scotland, mwaka wa 1858 na kusomea jiolojia Edinburgh, ndiye aliyetumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia kwenda kuyaona kwa macho. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Mwaka wa 1879 kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki Behobeho, katika Tanzania ya leo, na Thomson, kijana wa miaka 21, akauongoza msafara hadi maziwa ya Nyasa na Tanganyika. Mnyapara wake alikuwa Chuma, mmoja wa waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani.

Aliondoka Mombasa Machi 1883. Jaribio la kwanza halikufua dafu: Wamaasai walikuwa wameghadhabishwa na msafara wa Mjerumani Gustav Fischer uliotangulia, ikambidi arudi pwani. Alifaulu baada ya kuandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua desturi za Wamaasai. Bila mtu huyo, ni shida kuona vipi Thomson angefika Naivasha.

Njiani alijifanya mganga. Aling'oa na kurudisha meno yake mawili ya bandia mbele ya morani, akakoroga dawa ya chumvi ikatoa povu. Hila hizo zilichekesha wasomaji wake Uingereza. Kilichomfaa zaidi ni subira: alilipa hongo ya shanga, nyaya na nguo alipodaiwa, akajiepusha na vita, tofauti kabisa na Stanley.

Alivuka Laikipia, akauona Mlima Kenya, akafika Baringo na, Desemba 1883, Ziwa Victoria. Milima ya Nyandarua aliiita Aberdare, kwa heshima ya rais wa shirika lililomtuma, wenyeji hawakuulizwa. Wakati wa kurudi alijeruhiwa na nyati, kisha kuhara damu kukamlaza kwa majuma mengi.

Kitabu chake, kilichotoka mwaka wa 1885, kilieleza mavazi, maboma na maisha ya morani kwa mchanganyiko wa kustaajabu na kudharau. Ramani yake ilisomwa na watu wenye nia nyingine. Mwaka huo huo Askofu James Hannington alipita Umaasaini akielekea Buganda, akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, aliyewahofia wageni watokao mashariki.

Thomson alifariki London Agosti 2, 1895, akiwa na miaka 37. Mwezi mmoja kabla, Uingereza ilikuwa imetangaza nchi hizo kuwa himaya yake.