Wissmann: Mjerumani aliyemnyonga Abushiri, sanamu yake ikang'olewa Dar na kuangushwa Hamburg

Kabla Waingereza hawajasimamisha Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927, mji ulikuwa na sanamu nyingine ya shaba. Ilikuwa ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, na ugomvi juu ya jina lake haujaisha mpaka leo.

Wissmann alizaliwa 4 Septemba 1853, Frankfurt an der Oder (sio ile Frankfurt kubwa; hii iko mpakani na Poland). Akaingia jeshini. Jina lake lilivuma alipovuka Afrika kutoka Luanda mpaka Saadani, mwaka 1880 hadi 1882. Baadaye akamfanyia kazi Mfalme Leopold wa Pili kule Kongo.

Kisha ikaja pwani yetu. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilianza kujitwalia bandari na ushuru wa forodha. Watu wakakataa, Pangani ikalipuka, Abushiri bin Salim akashika uongozi.

Bismarck akamtuma Wissmann, na Bunge la Ujerumani likatoa marki milioni 2. Waliambiwa ni vita dhidi ya biashara ya utumwa, maneno yaliyouzika vizuri Ulaya.

Maofisa walikuwa Wajerumani wachache. Waliobeba vita hasa ni askari Waafrika: Wasudani walioajiriwa Cairo na vijana waliotolewa Msumbiji. Mei 1889 waliivamia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa Pangani. Bwana Heri wa Saadani, palepale Wissmann alipomalizia safari yake miaka michache nyuma, akasalimu amri 1890.

Mwaka 1895 alirudi kama gavana, ila hakudumu hata miaka miwili. Juni 1905 alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni Austria, ana miaka 51. Mwezi uliofuata Maji Maji ikaanza.

Sanamu ilizinduliwa Dar mwaka 1909. Wissmann amesimama juu, anatazama mbali. Chini yake yuko askari Mwafrika anayemwangalia bosi wake, na simba aliyekufa anafunikwa bendera ya Ujerumani. Huyo askari hana jina, ingawa kazi aliifanya yeye.

Wajerumani waliposhindwa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliing'oa na kuipeleka London. Mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, mbele ya chuo kikuu.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mwaka 1967 wanafunzi waliifunga kamba, wakaivuta mpaka chini. Uongozi wa chuo ukairudisha juu. Oktoba 1968 wakaiangusha tena, na safari hii haikurudishwa. Ikaenda stoo.

Wapo Wajerumani waliolalamika kwamba kuondoa sanamu ni kufuta historia. Lakini kwa miaka yote iliyosimama Dar na Hamburg, sanamu yenyewe haikumtaja Abushiri. Ilieleza upande mmoja tu, tena wa aliyenyonga. Ilipotolewa stoo na kuonyeshwa kwenye makumbusho ya historia jijini Berlin, 2016 hadi 2017, ililazwa chini, na safari hii ilikuwa ndani ya maonyesho yaliyoeleza ukoloni wenyewe.

Majina ya mitaa nayo yameleta mvutano. Mwaka 2021 mtaa wa Wissmann eneo la Neukölln, Berlin, ulibadilishwa na kupewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wa Moshi aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza serikalini Tanganyika. Kwa hiyo leo Mjerumani anayeishi pale akiandika anuani yake, anaandika jina la Mtanzania.

Bad Lauterberg, mji mdogo kwenye milima ya Harz, hawajafika huko. Sanamu yao ya Wissmann, iliyosimamishwa 1908, bado ipo, na ubishi wa aitwe shujaa au la unaendelea.