Bob Marley na Kidonda cha Kidole

Robert Nesta Marley, mwanamuziki aliyezaliwa tarehe 6 Februari, 1945 katika kijiji cha Nine Mile, Jamaika, alipenda mpira wa miguu karibu sawa na muziki. Kwa hiyo mwaka 1977, kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilipoumia mchezoni na ukucha kung'oka, kidonda kilichokawia kupona hakikumshangaza mtu. Madaktari wa London walipochukua kipande cha nyama na kukipima, waligundua melanoma, saratani inayoanzia katika seli zinazoipa ngozi rangi.

Aina iliyompata huota chini ya kucha, viganjani na katika nyayo, wala haitokani na jua. Miongoni mwa watu weusi ndiyo melanoma inayoonekana zaidi, na kwa kuwa wengi huudhani kuwa ugonjwa wa wazungu, hugunduliwa kwa kuchelewa. Mstari mweusi unaopanuka ukuchani, rangi inayovuka hadi kwenye ngozi ya pembeni, au kidonda kisichopona, hustahili kuoneshwa kwa daktari.

Katika hatua za mwanzo tiba ni upasuaji: uvimbe huondolewa pamoja na sehemu ya ngozi nzima inayouzunguka, kwa kadiri ya kina chake, na wengi hupona. Marley alishauriwa akatwe kidole. Hakukubali. Ulikuwa ushauri mzito kwa mtu aliyeishi kwa kucheza jukwaani, na imani yake ya Kirastafari hutajwa mara nyingi kuwa sababu. Huko Miami aliondolewa ukucha na nyama iliyo chini yake, akapandikizwa ngozi ya paja.

Kidonda kilifunga, lakini kufunga si kupona. Mgonjwa wa namna hiyo huhitaji kuchunguzwa ngozi na tezi za kinena kwa miaka, na ndugu wa kufuatana naye kliniki.

Marley alirudi kazini. Mwaka 1978, jijini Kingston, aliunganisha mikono ya mahasimu wa kisiasa Michael Manley na Edward Seaga. Aprili 1980 aliimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Septemba mwaka huo alianguka akikimbia mazoezi jijini New York. Saratani ilikuwa imefika ubongoni. Siku mbili baadaye aliimba Pittsburgh, kwa mara ya mwisho.

Baada ya miezi ya matibabu Ujerumani, alifariki Miami tarehe 11 Mei, 1981, akiwa na miaka 36, akazikwa Nine Mile.