Frederick Law Olmsted, mutu aliyerudishia mto nafasi yake

Wakaaji wa Uvira hawajasahau Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulitoka njiani na kubeba nyumba za watu. Kule Boston, Marekani, kuko mutu aliyeshughulikia shida inayofanana na hiyo, zaidi ya miaka 140 iliyopita.

Frederick Law Olmsted alizaliwa Hartford tarehe 26 Aprili 1822. Alilima, akaandika katika magazeti, kisha mwaka 1858 yeye na mwenzake Calvert Vaux wakashinda shindano la kuchora Central Park ya New York.

Karibu mwaka 1878 Boston ikamuita. Mtaa wa Back Bay ulikuwa zamani kinamasi cha maji ya chumvi, lakini watu walikijaza udongo juu ya kujenga. Vijito viwili, Stony Brook na Muddy River, vilimwaga uchafu wa vyoo katika sehemu iliyobaki. Bahari ikishuka, ni harufu mbaya. Mvua ikinyesha, maji yanakosa pa kwenda.

Wakubwa wa mji walitafuta bustani ya kupendeza. Olmsted akasema hapana, kwanza maji. Pamoja na mainjinia wa mji alipanga ile maji chafu ipite katika mabomba chini ya udongo, mlango uzuie bahari isipande sana, na katikati kibaki kinamasi chenye kona-kona, chenye nyasi zinazovumilia chumvi na mafuriko. Jina la bustani hakulipenda. Alitaka paitwe Fens, ni kusema kinamasi. Muddy River nayo ilikuwa mpaka wa Boston na Brookline, basi pande zote mbili zilipaswa kupatana na kuacha kando ya mto bila nyumba.

Aliacha kazi mwaka 1895, akafa tarehe 28 Agosti 1903. Mwaka 1910 baraji ya mto Charles ikafunga maji ya bahari, na nyasi zake zikakufa. Baadaye kipande cha Muddy River kikafunikwa, juu yake wakaegesha magari. Oktoba 1996 mvua ikanyesha sana, mto ukaingia mpaka ndani ya kituo cha treni ya chini ya ardhi. Katika miaka ya 2010, pesa nyingi zilitumika kufukua kile kipande.

Mbele ya kukata parseli kando ya mto, tuulize kwanza: siku ya mvua kubwa, maji yatalala wapi?