Edwin Howard Armstrong

Edwin Howard Armstrong (New York, 18 Desemba 1890 – New York, 1954) alikuwa mhandisi wa umeme na mvumbuzi kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni utangazaji wa redio wa FM.

Maisha

Alisoma Chuo Kikuu cha Columbia, na baadaye akawa profesa hapo. Angali mwanafunzi, mwaka 1912, alibuni saketi ya kukuza mawimbi hafifu. Baada ya kesi ndefu mahakama ilimpa haki hiyo Lee de Forest, ingawa wahandisi wengi waliendelea kumtambua Armstrong.

Modulesheni na FM

Sauti haiwezi kurushwa hewani jinsi ilivyo. Wimbi la redio lenye mitetemo 1,000 kwa sekunde lina urefu wa km 300, hivyo hata antena ya robo yake ingefikia km 75. Tena vituo vyote vingegongana katika masafa yaleyale. Kwa hiyo sauti hupakiwa juu ya wimbi la masafa makubwa, kila kituo na lake. Kazi hiyo huitwa modulesheni. Kwa megahezi 100, antena ya sentimita 75 inatosha.

Katika AM kinachobadilishwa ni kimo cha wimbi. Radi nayo huvuruga kimo hichohicho, ndiyo maana redio ya AM hukwaruza wakati wa masika, Ufipa kama kwingineko. Armstrong alibadilisha masafa badala ya kimo, tena kwa upana mkubwa, wakati wataalamu walishaamua kwamba FM haina faida. Alipata hataza mwaka 1933.

FM ina kasoro yake: husafiri karibu moja kwa moja. Mnara wa Sumbawanga unaweza kusikika mbali juu ya uwanda, lakini ukazibwa bondeni chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa.

Kesi na kifo

Mwaka 1945 serikali ya Marekani iliihamisha FM kutoka megahezi 42-50 hadi takriban 88-108, na redio za FM zilizokwisha kuuzwa zikawa hazifai. Mwaka 1948 Armstrong aliishtaki kampuni ya RCA kwa kutumia hataza zake bila malipo. Kesi ilimaliza mali yake, akajiua usiku wa kuamkia 1 Februari 1954.

Mjane wake, Marion, aliendeleza madai dhidi ya makampuni mbalimbali, akashinda la mwisho mwaka 1967. Vituo vya FM vya Tanzania, vya Sumbawanga vikiwemo, hutangaza katika masafa hayo ya 88-108.