Ngala na vita vya nani amteue polisi wa Pwani

JINA la Ronald Gideon Ngala leo husikika zaidi katika barabara yenye msongamano jijini Nairobi kuliko katika mijadala ya uongozi. Hata hivyo, swali lililomshughulisha kati ya 1960 na 1964 lingali hai Kaloleni, Kilifi na Malindi: nani amteue afisa wa polisi, na afisa huyo amtii nani?

Ngala alizaliwa 1923 katika jamii ya Wagiriama. Miaka kumi hivi kabla ya hapo, serikali ya kikoloni ilikuwa imewateua wakuu wa vijiji miongoni mwa Wagiriama ili wakusanye kodi na kutafuta vibarua. Mekatilili wa Menza aliwalisha watu kiapo cha kuwakataa wateule hao, na Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo. Mtoto aliyelelewa katika kumbukumbu hizo hakuhitaji kitabu cha sheria ili ajue uzito wa mamlaka ya kuteua.

Alisoma Alliance, akasomea ualimu Makerere, na 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria. KANU ilipoundwa 1960, alichaguliwa mweka hazina bila yeye kuwapo. Alikikataa cheo hicho, na Juni mwaka huo akawa rais wa KADU, chama kilichozikusanya jamii zilizohofia kumezwa na kubwa zaidi.

Dawa ya KADU ilikuwa majimbo. Kwa mujibu wa katiba ya 1963, polisi wangekuwa chini ya inspekta jenerali mmoja, lakini kila jimbo lingekuwa na kikosi chake, na tume ya utumishi wa polisi ingesimama kati ya askari na mwanasiasa.

Hofu haikuwa ya Ngala peke yake. Oktoba 5, 1963, Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua kuhusu ukanda wa maili kumi, Malindi ikiwamo. Miongoni mwa ahadi ni kwamba maafisa wa utawala katika maeneo yenye Waislamu wengi wangekuwa Waislamu, kadiri ingewezekana.

Wapinzani wa majimbo nao walikuwa na hoja nzito: polisi wa jimbo angeweza kugeuzwa askari wa mkubwa wa jimbo. Rais wa Bunge la Jimbo la Pwani, baada ya uchaguzi wa Mei 1963, alikuwa Ngala mwenyewe. KADU haikuijibu hoja hiyo kikamilifu, kwani kumhamisha bwana kutoka Nairobi hadi Mombasa si kumwondoa.

Jibu halikungojewa. Katika mazungumzo ya London, Septemba na Oktoba 1963, KANU ilidai katiba irekebishwe. KADU ilitishia kuigawa nchi, lakini Uingereza ikaegemea upande wa Kenyatta, na mamlaka juu ya polisi na watumishi wa umma yakavutwa katikati. Wabunge wa KADU walianza kuhama, na Novemba 10, 1964 Ngala akakivunja chama. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na Bernard Hinga akawa Mwafrika wa kwanza kuwa kamishna wa polisi. Majimbo yakageuka mikoa, na wakuu wake wakawa mawakala wa rais. Kwa maskwota wa Kilifi na Malindi, waliolima ardhi iliyosajiliwa kwa majina ya wengine tangu ukoloni, polisi aliyeitwa shambani alikuwa na mkubwa mmoja tu, naye alikuwa Nairobi.

Mwaka 1966 Kenyatta alimteua Ngala waziri. Mtu aliyepinga uteuzi wa mkono mmoja sasa aliishi kwa hisani ya mkono huo.

Alifariki Desemba 25, 1972, kutokana na majeraha ya ajali ya gari katika barabara ya Mombasa. Dereva alidai nyuki waliingia garini, maelezo ambayo wengi Pwani hawakuyaamini.

Katiba ya 2010 ilirejesha inspekta jenerali na tume ya polisi, na sheria ya 2011 ikampa gavana wa kila kaunti uenyekiti wa mamlaka ya usimamizi wa polisi. Mwaka 2012 David Kimaiyo alipatikana kupitia mahojiano ya tume na idhini ya Bunge. Mwishoni mwa 2014 sheria ilibadilishwa: rais humteua inspekta jenerali, Bunge huidhinisha, na mahojiano ya tume yakafutwa.