Makhan Singh: Mgeni Aliyepewa Jembe

Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kustareheshwa; ya tatu wakampa jembe. Ndani ya methali hiyo mna falsafa nzima ya uraia: kazi ndiyo imtoayo mtu ugenini na kumwingiza katika jamaa ya wenyeji. Serikali ya kikoloni nchini Kenya iliipindua hekima hiyo juu chini. Ilimpa mgeni jembe tangu siku ya kwanza, ikala jasho lake, kisha ikashikilia kwamba angali mgeni asiye na haki ya kudai chochote. Maisha ya Makhan Singh, mwasisi wa vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, ni kielelezo cha namna sheria ya uhamiaji inavyoweza kugeuzwa kuwa silaha ya kuua haki za raia.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, jimbo la Punjab, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya India ya Waingereza. Mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 13, alivuka bahari kuja Nairobi, ambako baba yake, Sudh Singh, alikuwa ametangulia kufanya kazi ya reli. Baadaye Sudh Singh alianzisha kiwanda cha kupiga chapa, na huko ndiko kijana Makhan alikojifunza kazi baada ya kumaliza masomo yake ya sekondari. Alikuwa pia mtunzi wa mashairi kwa lugha ya Kipunjabi. Hivyo basi, kabla ya kuingia katika ulingo wa siasa alikwisha kuifahamu nguvu ya neno, lile linaloimbwa na lile linalochapishwa.

Nairobi aliyoikuta ilikuwa imegawanywa kwa misingi ya rangi. Wahindi wapatao 32,000 walikuwa wameletwa kwa mkataba kujenga reli kuanzia mwaka 1896, na takriban 2,500 kati yao walifia kazini. Hata hivyo, Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 uliwanyima waliobaki haki ya kupiga kura katika orodha moja na Wazungu, na mashamba ya Nyanda za Juu yakaendelea kuhifadhiwa walowezi. Mwafrika, aliye mwenyeji wa asili, alikuwa na hali mbaya zaidi. Hakuwa na kura hata moja, na kila mwanamume wa umri wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba kipande shingoni ili aruhusiwe kutembea na kufanya kazi katika nchi yake mwenyewe. Kwa hakika, kipande kilikuwa sheria ya uhamiaji iliyowekewa mtu asiyehama popote. Mlowezi aliyekuja jana ndiye aliyejitwalia cheo cha mwenyeji, akapima nani aingie, nani akae na nani aondoke.

Mwaka 1935 Makhan Singh alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi jijini. Hatua yake ya awali ilikuwa kuliondoa neno la ubaguzi katika jina la chama na kukifungua kwa wafanyakazi wa rangi zote. Matangazo ya chama yalichapishwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo, ili seremala wa Kipunjabi na mpagazi wa Kiafrika wasome wito mmoja. Mwaka 1937 chama hicho, ambacho sasa kilijulikana kama chama cha wafanyakazi cha Afrika Mashariki, kiliongoza mgomo wa siku 62 jijini Nairobi, na waajiri wakalazimika kuongeza mishahara.

Mwishoni mwa mwaka 1939 Makhan Singh alisafiri kwenda India. Mwaka uliofuata alikamatwa na Waingereza na kuzuiliwa bila kufikishwa mahakamani, na hakupata uhuru wake kamili hadi mwaka 1945. Aliporejea Kenya mwezi Agosti 1947, siku chache tu baada ya India kujipatia uhuru, alikuta mlango unataka kufungwa. Serikali ya Kenya ilimwamuru arudi alikotoka. Mtu aliyelelewa Nairobi, aliyesoma Nairobi na ambaye jamaa zake waliishi Nairobi, aliambiwa kwamba hapa si kwao.

Amri hiyo haikutoka mbinguni. Miaka hiyo serikali za Afrika Mashariki zilikuwa zikitunga sheria mpya za kudhibiti uhamiaji, na ile ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1948. Wahindi waliipinga vikali kwa kuwa waliona, nyuma ya maneno yake yaliyoonekana kuwahusu watu wote, shabaha ilikuwa wao. Makhan Singh hakuondoka. Alipokamatwa tena mwaka 1948, alisimama mahakamani kutetea dai moja la msingi: kwamba yeye ni mkaazi halali wa Kenya. Jitihada za kumfukuza ziligonga mwamba.

Ushindi huo ulimpa nafasi ya kurudi kazini. Tarehe 1 Mei 1949 shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki liliundwa, Fred Kubai akawa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Mwezi Machi 1950, Nairobi ilipotunukiwa hati ya kifalme ya kuwa jiji, shirikisho hilo liliwataka wafanyakazi wasusie sherehe. Jiji la nani, ilhali waliolijenga hawakuwa na sauti ndani yake? Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, mashariki mwa Nairobi, Waafrika na Wahindi walikutana katika mkutano wa pamoja. Makhan Singh alitoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili na mamlaka ya kujitawala. Ilikuwa zaidi ya miaka 13 kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa.

Tarehe 15 Mei 1950 yeye na Kubai walikamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa zaidi ya wiki moja, wakidai viongozi hao waachiliwe na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh alipelekwa Nyeri mbele ya Jaji Ransley Thacker, yule yule ambaye baadaye angemhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Akitetewa na wakili Chanan Singh, mshtakiwa hakuficha itikadi yake: alikiri kwamba ni mkomunisti, na akakana kwamba Uingereza ina haki ya kuitawala Kenya. Matokeo yake alipelekwa Lokitaung, katika jangwa la kaskazini, kisha Maralal na hatimaye Dol Dol. Aliachiliwa mwezi Oktoba 1961, baada ya zaidi ya miaka 11.

Hapa ndipo uhusiano wa mambo haya mawili unapojidhihirisha. Serikali ilijaribu kwanza kumfanya mgeni ili imfukuze. Iliposhindwa kumtoa nje ya nchi, ilimfungia ndani yake. Mwaka 1947 kosa lake lilikuwa kuwa hapa, na mwaka 1950 kosa lake lilikuwa kusema akiwa hapa. Shabaha ya sheria zote mbili ilikuwa moja, nayo ni kinywa chake.

Uhuru wa mwaka 1963 haukulimaliza tatizo hilo. Makhan Singh hakupewa wadhifa wowote wa maana serikalini. Tarehe 24 Februari 1965 Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi mwenye asili ya Goa na mpigania uhuru mwenziwe, aliuawa kwa risasi langoni mwa nyumba yake mtaani Westlands. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana Waasia ambao hawakuwa wamechukua uraia. Wengi wao walishika pasipoti za Uingereza na kukimbilia huko. Ndipo bunge la Uingereza, katika siku chache za mwisho wa Februari 1968, likapitisha sheria ya kuwazuia. Waliyemtumikia aliwaita wageni, na kwao wakaitwa wageni. Mwezi Desemba 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kuwabagua Waasia wa Afrika Mashariki kwa rangi kulikuwa kuwadhalilisha.

Makhan Singh hakuishi kuusikia uamuzi huo. Alifariki tarehe 18 Mei 1973, akiwa na umri wa miaka 59. Alikuwa amekwisha kuchapisha, mwaka 1969, historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952, na nyaraka zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako mtafiti anaweza kuziona.

Swali lake limeishi kuliko yeye. Mwaka 1948 si mbali sana na Oktoba 2016, pale Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kulima mashamba ya mkonge na miwa, walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi kudai vitambulisho. Walitambuliwa, na baada yao Washona na Wapemba. Wote walikuwa wameishi nchini kwa vizazi bila kuweza kupiga kura wala kumiliki shamba kwa jina lao. Jembe walikuwa nalo tangu zamani. Kilichokosekana ni karatasi ya kukiri kwamba siku ya tatu ilikwisha kupita.