Charles Dickens: Mwandishi wa hatimkato aliyedai ujira wa haki

Na Mwandishi Wetu, Songwa

WASOMAJI wengi wanamfahamu Charles Dickens kuwa mtunzi mashuhuri wa riwaya wa Uingereza. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kutunga riwaya yake ya kwanza, alikuwa akiketi katika roshani ya Bunge la nchi hiyo, penseli mkononi, akinakili kwa hatimkato hotuba za wabunge.

Maisha yake yana funzo hata kwetu hapa Songwa, wilayani Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Mwaka 1945, Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiya, mkoani Shinyanga, na Mangi Abdiel Shangali wa Machame walikuwa Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Yaliyosemwa katika mabaraza ya aina hiyo yanajulikana leo kwa sababu yaliwekwa katika kumbukumbu rasmi, na nyuma ya kila ukurasa wa kumbukumbu hizo yupo mtu aliyesikiliza na kuandika.

Dickens alizaliwa Februari 7, 1812, katika mji wa bandari wa Portsmouth. Baba yake, John, alikuwa karani katika ofisi ya malipo ya Jeshi la Wanamaji, lakini matumizi yake yalizidi kipato.

Mwaka 1824, John alifungwa katika gereza la Marshalsea, jijini London, kwa kushindwa kulipa madeni. Charles, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu kwa ujira wa takriban shilingi sita kwa wiki. Fedheha ya siku zile aliificha kwa watu karibu maisha yake yote.

Baada ya kutoka gerezani, John alijifunza hatimkato na kupata kazi ya kuripoti habari za Bunge. Kijana wake, ambaye tangu mwaka 1827 alikuwa karani katika ofisi ya mawakili, aliamua kufuata nyayo hizo.

Alichagua mfumo wa Thomas Gurney, ambaye familia yake ilikuwa imekabidhiwa kazi rasmi ya hatimkato bungeni. Ulikuwa mfumo mgumu. Irabu nyingi ziliachwa, nukta moja iliweza kubeba maana kadhaa kutegemea mahali ilipowekwa, na mara nyingi mwanafunzi alishindwa kuyasoma maandishi yake mwenyewe. Baadaye Dickens aliyaeleza mateso hayo katika riwaya ya David Copperfield, iliyochapishwa kati ya mwaka 1849 na 1850.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuwapata watu wa kazi hii, wakati ule na hata zama zetu. Hapa nchini, matangazo ya nafasi za katibu mahsusi wa ngazi ya kuanzia yamekuwa yakitaka hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza ya maneno 80 kwa dakika moja. Mjumbe aliyepandwa na hamasa katika mjadala anaweza kuzidisha maneno 150. Kuifikia kasi hiyo kunahitaji mazoezi ya muda mrefu, sikio jepesi na uelewa wa sheria na siasa.

Dickens alianzia katika mahakama moja ya London, akisubiri kukodiwa na mawakili. Siku asiyepata wa kumkodi, hakupata kitu.

Kisha alijiunga na Mirror of Parliament, jarida lililoanzishwa mwaka 1828 na mjomba wake, John Henry Barrow, kwa lengo la kuchapisha mijadala ya Bunge kwa ukamilifu. Umahiri wake ulionekana mapema, lakini malipo yalitolewa wakati wa vikao tu. Bunge lilipoahirishwa, mwandishi naye alibaki bila kipato.

Mwaka 1832 aliandikia pia gazeti la True Sun. Waandishi wa gazeti hilo walipogoma, yeye, kijana wa miaka 20, ndiye aliyekuwa msemaji wao, na madai yao yalishinda. John Forster, aliyekuja kuwa rafiki yake na kuandika maisha yake, alisimulia kwamba alimwona kwa mara ya kwanza wakati wa mgomo huo.

Agosti 1834 aliajiriwa na gazeti la Morning Chronicle kwa gini tano kwa wiki, sawa na shilingi 105. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mshahara wa kudumu, zaidi ya mara 17 ya ujira wake wa kiwandani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Waandishi walipokezana kwa zamu, wakiandikia magotini katika roshani ya wageni, na katika Bunge la Mabwana waliandika wakiwa wamesimama. Dickens alisafiri pia usiku kwa magari ya farasi kutoka mikutano ya mikoani, akinakili hotuba kwa mwanga wa taa huku gari likirukaruka barabarani.

Mwaka 1865, akizungumza mbele ya waandishi wa habari, alikumbuka kwamba gazeti hilo lilimfidia kofia zilizovunjika, mizigo iliyoharibika, hata koti lililodondokewa na nta ya mshumaa, bila mhariri John Black kunung'unika.

Hata hivyo, gazeti halikuweza kumzuia. Mafanikio ya hadithi yake ya Pickwick, iliyoanza kutolewa mwaka 1836, yalimpa kipato bora, na Novemba mwaka huo aliacha kazi.

Wakati huo, Hansard yenyewe haikuwa na waandishi wake. Ilikusanya taarifa kutoka magazetini, hivyo kumbukumbu za Bunge zilitegemea mishahara iliyolipwa na wamiliki wa magazeti. Ilipofika mwaka 1878 ndipo ilipopewa ruzuku ya Serikali na kuajiri waandishi, na mwaka 1909 Bunge likaichukua kazi hiyo kwa watumishi wake.

Dickens hakuyaona mabadiliko hayo. Alifariki dunia Juni 9, 1870, akiwa na umri wa miaka 58, na kuzikwa katika kanisa la Westminster Abbey, hatua chache kutoka Bunge alilolitumikia kwa penseli.

Vinasa sauti vimepunguza mzigo, lakini havijaondoa haja ya mtu anayeelewa kilichosemwa na kukiandika kwa usahihi. Kijana wa Songwa mwenye ujuzi huo ataupeleka panapothaminiwa, kama alivyofanya Dickens. Chombo kinachotaka maneno yake yahifadhiwe hakina budi kumlipa anayeyahifadhi.